Kikao cha Chai na Barabara Iliyofutwa

Ninyi mnaoanza kazi ya ukarani wa vikao mtafundishwa kuandika muhtasari, na naamini mtafundishwa vizuri kuliko sisi. Kupanga viti hakuna atakayewafundisha, ndiyo maana naanzia hapo. Nilifanya kazi hiyo katika halmashauri huku Mpanda tangu enzi za kukata stensili mpaka nilipostaafu nikiwa na kompyuta mezani ambayo nilikuwa naiogopa. Vikao vingi nilivyoviona vikiharibika viliharibikia kwenye viti, kabla mtu hajafungua mdomo.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Simoni, karani mkuu niliyemkuta ofisini. Alikuwa Mnyamwezi mrefu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Asubuhi ya kikao alipita katikati ya viti akitaja majina ya madiwani kwa sauti ya chini, na mimi nyuma yake nimebeba kadi. Huyu na huyu wana kesi ya shamba, watenganishe. Huyu sikio la kushoto halisikii, mwenyekiti awe kulia kwake. Huyu akishiba anasinzia, mnyime kiti cha dirishani. Kisha kila mara alimalizia kwa neno lile lile, kwamba watani wakae jirani. Nilimwuliza siku moja kwa nini, maana watani wakikaa jirani ni kelele tupu. Akasema nitaona mwenyewe, akaenda kuchemsha chai.

Mjue kwamba wilaya yetu miaka ile ya tisini ilikuwa kubwa mno. Ilianzia ziwani huko Karema, ikapita milimani, ikashuka hadi bonde la mpunga la Mamba. Diwani wa mwambao akija kikaoni alilala njiani, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Tulikuwa na Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, kila mtu na Kiswahili chenye ladha ya kwao. Karibu wote walikuwa watu wazima wenye wajukuu. Sasa nani amwambie mzee mwenzake, mbele ya wengine, kwamba ombi lako halifai? Hakuna. Ukimwambia hivyo umemvunjia heshima, na ataondoka na jambo hilo moyoni aende nalo kaburini. Mtani peke yake ndiye anayeweza kukwambia lolote, hata msibani, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa.

Siku moja kabla ya kila Baraza, madiwani walikutana peke yao, bila mkurugenzi wala wataalamu. Kwenye ratiba hakikuwepo kikao hicho. Kama ungeuliza ungeambiwa wazee wanakunywa chai, na sisi makarani tukakiita kikao cha chai. Lakini humo ndimo walimokubaliana nini kitangulie na nini kisubiri, na kesho yake kwenye Baraza walinyoosha mikono tu wageni wakapiga makofi. Mimi niliingia kwa sababu mtu fulani alitakiwa aandike ubaoni na mtu fulani amimine chai, na kwa mshahara wangu mtu huyo alikuwa mmoja.

Tulikaa katika darasa la shule ya msingi, kwa kuwa ukumbi wa halmashauri ulitegemea jenereta na jenereta lilitegemea dizeli ambayo haikuwepo. Wazee wazito walijibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kifuani. Wengine walilalamika. Mimi niliyapenda madawati yale, maana ni vigumu mtu kujifanya mkubwa sana akiwa amekaa hivyo.

Kuhusu chai, nisikilizeni. Mara ya kwanza nilipoachiwa kuandaa niliwapa chai na mihogo mara tu walipofika, kwa huruma, maana walikuwa wametoka mbali. Wakala, wakashiba, na ajenda ngumu ikakutana na watu waliolegea kama nguo iliyoloweshwa. Diwani mmoja alikoroma mpaka mwenyekiti akaahirisha. Mzee Simoni hakunigombeza. Alinionyesha tu namna ya kufanya: mpe msafiri maji ya kunawa na kikombe kimoja cha uji, basi. Birika lisikike likichemka nje ajenda ngumu ikiwa katikati, na chai kamili iletwe wakishakubaliana, kwa sababu mtu mwenye njaa anayesikia birika anatafuta mwafaka haraka. Mbinu hii nimeitumia miaka yote, na mpaka leo sijaona mashine inayoishinda.

Halafu ikaja miaka ya ukata. Redioni walikuwa wakieleza habari za uchumi kwa maneno marefu, lakini sisi tuliuona uchumi kwenye vitu vidogo. Utepe wa taipu ulipochakaa tuliupaka wino wa mhuri ukaendelea. Karatasi tulipiga chapa pande zote mbili. Hospitalini watu wakaanza kuambiwa wachangie. Ruzuku kutoka serikalini ikapungua, na kila ilipopungua ilikuja barua ya kutaja nani apunguzwe kazini. Mhudumu wetu wa ofisi alipunguzwa, dereva akapunguzwa, na baadaye Mzee Simoni mwenyewe. Siku anaondoka alinikabidhi funguo na birika. Nililia, sioni haya kusema.

Katika mwaka wa kwanza wa ukata madiwani walifanya jambo ambalo nadhani lingefanywa na sisi tu. Halmashauri ilikuwa na greda moja zima na mafuta kidogo ya kulitembeza. Kila diwani alilitaka. Kwa kuwa hakuna wa kumwambia mwenzake hapana, wakagawana. Kila kata ipate greda siku chache, ili asinung'unike mtu. Walipokubaliana hivyo walipeana mikono, wakanywa chai kwa furaha, nami nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa.

Greda, kama mnavyojua, linatembea polepole. Likatoka mjini kwenda upande wa Sibwesa, likakwangua kipande, muda ukaisha, likageuza. Likaelekea ziwani, likakwangua kipande, likageuza. Lilipoanza kushuka bondeni mafuta yakaisha njiani, likakaa hapo mpaka kuku wakataga chini yake. Karibu mafuta yote yaliishia kwenye kusafiri kutoka kwa diwani mmoja hadi kwa mwingine. Na mambo mengine yalikuwa hivyo hivyo: kata moja ilipata kuta za darasa bila bati, nyingine ikapata kalavati lisilo na barabara. Hakuna aliyenung'unika, lakini pia hakuna aliyepata kitu.

Mwaka uliofuata ikaja barua kali zaidi. Halmashauri ichague vipaumbele vitatu tu, vingine vyote visimame. Viwili vilijichagua vyenyewe: chanjo za watoto na kisima cha mjini kilichokuwa kimebomoka. Ikabaki nafasi moja, na walioiwania walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Polikapi, Mfipa wa mwambao, mwalimu mstaafu aliyelelewa misheni. Yeye alitaka barabara ya kutoka Karema, na hakuitaka kwa mchezo. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na watu wake walimwambia wazi kwamba samaki wao wakiozea njiani tena na yeye atakwenda nao. Wa pili alikuwa Mzee Masanja, Msukuma wa upande wa Mamba, mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kuwaita. Alitaka josho la kuogeshea ng'ombe, kwa sababu ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, ilikuwa inamaliza mifugo bondeni, na ya kwake ikiwemo. Wa tatu alikuwa Mzee Lusambo, Mbende wa upande wa Sibwesa, mkulima mpole asiyemaliza sentensi. Kwake kulikuwa na zahanati moja yenye muuguzi mkunga mmoja, na jina la muuguzi huyo lilikuwa kwenye orodha ya watakaopunguzwa. Akiondoka, mlango unafungwa, na mwanamke wa Sibwesa akishikwa na uchungu atabebwa kwenye baiskeli mpaka mjini.

Lusambo alikuwa na shida nyingine pia. Humo ndani hakuwa na mtani. Hakuna aliyeweza kumchokoza wala yeye kumchokoza mtu, kwa hiyo kila alipotaka kusema ilibidi aseme kwa adabu, na adabu yake ilimfanya aonekane kana kwamba haombi kitu kikubwa.

Kikao kile nilikiandaa peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikapita katikati ya madawati nikitaja majina, nikajihisi mpumbavu, nikaendelea. Masanja nikamweka dawati moja na Polikapi, kwa kuwa Wasukuma na Wafipa ni watani. Lusambo nikamweka mbele yao, mahali ambapo wote wawili wangemwona uso.

Wakaanza vibaya. Mwenyekiti, mtu mwema asiyependa lawama, akapendekeza wagawane: nusu ya barabara, nusu ya josho, na muuguzi abaki kwa muda wa nusu mwaka. Niliona vichwa vikianza kukubali. Nikaliona lile greda na kuku wake. Mimi karani sina ruhusa ya kusema kikaoni, nikabaki nimeshika chaki. Nje birika likaanza kuchemka.

Ndipo Masanja akamgeukia jirani yake akamwuliza, kwa sauti ya darasa zima kusikia, barabara ya nini. "Nyie Wafipa mnasafiri kwa ungo," akasema. "Usiku mmoja mmefika Sumbawanga na kurudi. Sasa greda mnalitakia nini, lipite angani?"

Darasa likacheka. Polikapi akavua miwani yake, akaifuta taratibu kama mwalimu anayejiandaa kuchapa mtu. Akasema yeye analiunga mkono josho kwa moyo wote, ila liwe na kina kirefu, kwa kuwa Wasukuma ndio watakaoanza kuogeshwa kabla ya ng'ombe. Masanja akamwita mchawi. Polikapi akamwita mchunga kupe. Nje ya dirisha alikuwepo bwana mipango, kijana aliyetoka chuoni mwaka ule, mtu wa mbali, aliyekuwa akisubiri matokeo. Aliposikia neno mchawi likisemwa kikaoni alinikonyeza kwa hofu akaniuliza kama aite mgambo. Nikamwambia atulie, wazee wako kazini. Kijana yule baadaye alikuwa mtaalamu mzuri sana, akaoa hapa hapa Mpanda, na watani wa mkewe wamemtesa mpaka amezoea.

Basi, wakati watu bado wanafuta machozi ya kicheko, Masanja akateremsha sauti. Aliendelea kutabasamu, lakini niliyekuwa karibu niliona kwamba macho yake hayamo kwenye mzaha.

"Mtani, mwanamke wa Karema akishikwa uchungu, misheni si ipo hapo kwako? Masista si wapo?"

"Wapo," akasema Polikapi.

"Na boti zipo. Barabara ikifa, una ziwa. Huyu hapa," akamwonyesha Lusambo kwa kidevu, "ana nini?"

Neno hilo angelitamka mwenyekiti ingekuwa dharau, na angelitamka Lusambo mwenyewe ingekuwa kuomba huruma. Lilisemwa na mtani, na Polikapi hakuwa na njia ya kukasirika hata kama alitaka. Alimtazama Lusambo kwa muda. Lusambo alikuwa ameinamisha kichwa anakwaruza dawati kwa ukucha.

"Umenishika," Polikapi akasema. Kisha akaniambia mimi: "Karani, futa barabara yangu."

Sikufuta. Nilidhani amesema kwa hasira. Akarudia polepole, akaniita mwanangu, nikachukua kifutio nikafuta. Nilipogeuka alikuwa amemkazia Masanja macho, na safari hii ilikuwa zamu yake kutabasamu. Alimwuliza kama ndama wake wanazaliwa wakiwa na majina ya Kikristo, kwa kuwa anawaombea kuliko watoto wa Sibwesa. Masanja akacheka mpaka dawati likalia, akapiga paja, akasema haya, karani, na josho lifute, huyu mchawi asije akaniroga. Nikafuta. Ubaoni ikabaki zahanati.

Lusambo alisimama kushukuru akashindwa kumaliza sentensi, kama kawaida yake. Nikaingiza chai.

Nawaambia habari hii kwa sababu mkisoma muhtasari wa Baraza la kesho yake mtakuta mstari mmoja tu: Baraza liliazimia zahanati iendelee. Hivyo ndivyo muhtasari unavyotakiwa kuwa. Andikeni uamuzi, msiandike utani, msiandike nani aliinamisha kichwa. Lakini mjue kwamba mstari ule uligharimu mtu.

Siku ya Baraza, lori lilileta watu kutoka mwambao kuja kusikia habari ya barabara yao. Polikapi angeweza kukaa kimya akamwachia mwenyekiti lawama, na wengi wangefanya hivyo. Alisimama mwenyewe akatoa hoja ya zahanati ya Sibwesa. Madiwani wakampigia makofi marefu. Watu wake hawakupiga. Walitoka mmoja mmoja, wakapanda lori lao, wakaondoka bila kumsubiri, na ilibidi alale mjini kwa mwenyeji.

Masika yale yalikuwa mabaya. Barabara ilikatika, malori yakazama, migebuka na dagaa vikaozea kwenye magunia njiani. Mzee Masanja naye alipoteza ng'ombe wengi kwa ndigana, akakonda. Kisha ukaja uchaguzi. Masanja alipita kwa shida. Polikapi alishindwa, na si kwa kura chache.

Baada ya uchaguzi nilipewa kazi nisiyoipenda: kuzunguka kwa madiwani walioangushwa na kuchukua vitabu vya kanuni na baiskeli za halmashauri. Nikiwa njiani nilipita upande wa Sibwesa, nikalala kwa Mzee Lusambo. Nikamwuliza kama amekwenda kumwona mwenzake ziwani. Akasema hajaenda. Alisema ametaka kwenda mara nyingi, ila hajui akifika aseme nini. "Nikamwambie pole? Kashindwa kwa ajili yangu, karani." Hakuwa mtu asiye na shukrani. Alikuwa na aibu.

Nilifika kwa Polikapi nikiwa na wasiwasi. Nilitegemea kukuta nyumba imefungwa. Nilisikia kelele tangu barabarani. Masanja alikuwa amekaa uani juu ya gunia la mchele alilolileta, ametoka bondeni kwa kudandia magari, safari ya kuchosha hata kwa kijana, na alikuwa anamcheka mwenye nyumba kwa sauti yake yote. Alikuwa anasema kwamba amesikia Wafipa wamemtupa mzee wao, kwa hiyo amekuja kumpa kazi ya kuchunga ng'ombe, mshahara ni maziwa ya mgando, na asubuhi ataamka mapema kuliko alivyozoea kwenye ualimu.

Mke wa Polikapi aliniambia jikoni kwamba tangu kura zihesabiwe hakuna jirani aliyekanyaga pale. Wakimkuta mama huyo kisimani walimsalimia wakatazama pembeni. Wale madiwani wa makofi walituma salamu, mmoja alituma na barua. Huyu tu ndiye aliyekuja. Na alipokuwa akisema hivyo majirani walikuwa wanaanza kuingia uani. Kicheko kile kiliwavuta. Wa kwanza alisimama kwenye ua wa nyasi akijifanya anapita, wa pili akaingia kabisa, kisha wakaja wanawake na watoto, na kwa kuwa mgeni alikuwa anamtukana mzee wao ilibidi wamtetee, na walipoanza kumtetea walikuwa tayari wamekaa. Wakamwambia Masanja kwamba Mfipa hachungi ng'ombe wa mtu. Mama akaongeza sufuria jikoni.

Tulikula wali wa Masanja kwa migebuka. Polikapi alinirudishia baiskeli ikiwa imesafishwa, na kitabu cha kanuni kikiwa kimefunikwa gazeti kama daftari la shule. Kisha akaniuliza, si kwa sauti kubwa, kama yule muuguzi wa Sibwesa bado yupo.

Nikamwambia yupo. Nimelala huko jana, na usiku ule ule alikuwa ameitwa.

"Kwa hiyo wanazaa," akasema.

"Wanazaa sana, mtani," Masanja akadakia kutoka upande wa pili wa sinia. "Bahati mbaya hawapigi kura kwako."

Ua mzima ukamgeukia Polikapi. Aliweka tonge lake chini. Akaanza kucheka, kwanza kimyakimya, mabega tu, halafu kwa sauti, akacheka mpaka akavua miwani, na majirani waliokuwa wamemnyima kura wakacheka pamoja naye, na mkewe akasimama mlangoni na mwiko mkononi akimtazama mume wake.